Mbio za Kilomita Tano

Huku Ifo, kambi iliyofunguliwa mwaka 1991, mama mmoja aliniambia wazi: binti yake hatashiriki mbio za kilomita tano barabarani ila mwalimu wake naye akimbie. Basi nikakimbia. Mchanga wa huku humeza mguu. Kilomita ya tatu nikatembea, jilbabu imenigandama mgongoni. "Mwalimu, nani akufukuza?" akauliza mzee mmoja. Pumzi sikuwa nazo za kumkumbusha kwamba Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), tena mara ya kwanza akamshinda. Nilifika wa mwisho. Mama yule akanipa maji, na kabla sijamaliza kunywa alikwishanieleza mara mbili kwamba bintiye amekuwa wa pili.