Akili mnemba yaibua tundu kwenye Linux: nani ataliona lijalo kwanza?

Mei 2025, mtafiti wa usalama wa kompyuta Sean Heelan alitangaza kuwa modeli ya o3 ya OpenAI imemsaidia kugundua hitilafu mpya ndani ya Linux. Imepewa namba CVE-2025-37899.

Iko wapi?

Kwenye ksmbd, sehemu ya kiini cha Linux inayowezesha seva kugawa mafaili kwa kompyuta nyingine za mtandao. Iliingizwa Linux mwaka 2021. Seva nyingi hutumia Samba, ambayo ni programu tofauti na haihusiki hapa.

Tatizo lenyewe

Ukiingia kwenye seva, inakufungulia kikao na kuhifadhi taarifa zako. Ukitoka, inazifuta. Shida ni kwamba kanuni za SMB zinaruhusu miunganisho miwili kutumia kikao kimoja. Mmoja ukiaga, taarifa zinafutwa huku mwingine bado unazisoma.

Ni kama mwenzako arudishe funguo mapokezi, chumba cha gesti kipewe mgeni mwingine, na wewe bado uko bafuni. Mdukuzi anaweza kutumia mwanya huo kuangusha seva, au hata kuendesha amri zake ndani ya kiini cha mfumo.

Dawa yake

Mistari michache tu ilifutwa. Sasa mtu akiaga, taarifa zake haziguswi mpaka kikao chenyewe kivunjwe.

Heelan alikiri jambo moja: kwa hitilafu jirani aliyoiona mwenyewe awali, dawa aliyopendekeza isingetosha. Ripoti ya mashine ndiyo iliyomfungua macho.

Tusishangilie mapema

Alipoipima modeli kwa hitilafu hiyo ya awali, aliiendesha mara 100. Iliiona mara 8 tu, na mara 28 ikaripoti makosa yasiyokuwepo. Bila mtu anayejua kazi, huwezi kutenganisha pumba na mchele.

Lakini mdukuzi naye anaweza kuiendesha mara 100, na yeye anahitaji kupatia mara moja tu. Ndiyo maana kugundua peke yake hakutoshi. Dawa ikishatoka, kila anayeisoma anajua tundu lilikuwa wapi, na seva ambayo haijasasishwa inabaki wazi.

Kama ofisini kwenu kuna seva ya Linux, muulize fundi wenu maswali mawili: ksmbd imewashwa? Na mara ya mwisho kuapdeti ilikuwa lini?