MAONI: Nani anaangalia afya ya wale wanaolinda afya yetu?

Ukifika zahanati asubuhi kabla ya saa mbili, utakuta sakafu imekwisha kupigwa deki, ndoo za taka zimemwagwa na choo cha wagonjwa kimeoshwa kwa klorini. Aliyefanya kazi hiyo humwoni. Amekuja kungali giza, na wakati wewe unapanga foleni yeye yuko nyuma ya jengo anachoma taka. Pengine ni jirani yako wa mtaa mmoja. Pengine ni mwanao. Ukitapika wewe, yeye ndiye anayepangusa. Sasa nakuuliza: akiumia yeye katika kazi hiyo, ni daftari gani linaloandika kwamba ameumia kazini?

Mimi ni mhamasishaji wa afya, na daftari la mapokezi nimelitazama mara nyingi. Lina safu ya jina, ya umri, ya jinsia, ya mtaa na ya ugonjwa. Kazi ya mgonjwa haimo. Mwisho wa mwezi hesabu inafanywa: malaria wangapi, kuhara wangapi, kikohozi wangapi. Kikohozi cha kijana anayepuliza klorini siku sita kwa juma na kikohozi cha mtoto aliyenyeshewa vinaandikwa mstari mmoja. Kidonda cha mchimba choo na kidonda cha mtu aliyejikwaa akienda kuteka maji ni kitu kimoja. Halafu tunakaa mkutanoni tunasema kwamba katika kambi hakuna tatizo la ajali za kazini. Litaonekana wapi, kama hakuna mahali pa kuliandika?

Nitakueleza kwa nini jambo hili linanikera. Kabla ya kuwa mhamasishaji nilikuwa mfagiaji wa zahanati, katika kambi nyingine iliyokwisha kufungwa. Tulipewa glovu za mpira, zile nyembamba za wauguzi, jozi moja kwa siku. Buti hazikuwapo. Siku moja nilibeba mfuko wa taka kuupeleka kwenye shimo, nikiwa nimevaa malapa. Mfuko ulipasuka. Sindano iliyotumika ikaanguka, ikanichoma juu ya mguu. Nilikamua damu, nikaosha kwa maji ya ndoo, nikaendelea kufagia. (Kukamua nako ni kosa. Inafaa kuosha kwa maji mengi na sabuni, bila kuminya. Lakini nani alikuwa amenifundisha?)

Sikumwambia mtu yeyote. Mwenzetu mmoja aliyeumia kabla yangu alipumzika wiki mbili, na aliporudi alikuta jina lake limeondolewa katika orodha ya motisha, nafasi amepewa mwingine. Mimi nilikuwa na watoto wanne. Nilinyamaza siku tano. Siku ya sita nilimwambia muuguzi mmoja niliyemwamini, mama mmoja wa makamo, naye akashika kichwa. Akaniambia kwamba dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kuchomwa na sindano zipo, ni za siku 28, lakini lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Mimi nilikuwa nimepitisha saa zaidi ya 120. Dawa zilikuwa katika kabati, hatua thelathini kutoka pale nilipochomwa.

Basi ilibaki kungoja. Miezi mitatu nililala mbali na mke wangu bila kumweleza sababu, naye akadhani nimepata mwanamke mwingine. Nilipopima, damu ilikuwa salama. Lakini ile miezi mitatu nyumba yangu ilikuwa karibu kuvunjika, na sikuwa na mtu wa kumlaumu waziwazi, kwa kuwa kwenye karatasi hakuna kilichotokea.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipofundishwa kwamba UKIMWI haukuwa hatari kubwa kuliko zote siku ile. Sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI huambukiza takriban mara 3 katika kila watu 1,000 waliochomwa. Sindano yenye damu ya mtu mwenye homa ya ini aina ya B inaweza kuambukiza hadi watu 30 katika kila 100 wasiokuwa na kinga. Na homa hiyo ya ini ina chanjo! Ni dozi tatu katika muda wa miezi sita, yaani leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Watoto wetu wanaipata katika chanjo zao za kawaida. Mfagiaji mtu mzima, anayebeba mfuko wa sindano kila siku, je, ameipata? Muulize wa zahanati yako.

Huenda utasema kwamba haya ni mambo ya wafanyakazi, na wewe ni mgonjwa tu unayetaka dawa. Hapana. Wale waliotoka Kongo wakumbuke Kikwit, mwaka 1995, nchi ikiitwa bado Zaire. Ebola iliingia katika hospitali kubwa ya mji ule, na mwezi Aprili wale waliomfanyia upasuaji fundi mmoja wa maabara wakaanza kuugua. Katika wagonjwa 315 waliohesabiwa, karibu robo walikuwa wafanyakazi wa afya. Glovu, barakoa na mafunzo vilipofika, maambukizo miongoni mwao yalishuka sana. Hospitali isiyomkinga muuguzi wake na mfagiaji wake hugeuka kuwa mahali pa kugawa ugonjwa, na wewe uliyekwenda kutibiwa malaria unarudi nyumbani na kingine.

Na Goma, Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda walimiminika kwa mamia ya maelfu katika siku chache, wakakaa juu ya mawe ya volkano ambako jembe haliingii, wala kwa choo wala kwa kaburi. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Maiti ziliokotwa kando ya barabara. Ziliokotwa na watu, kwa mikono. Vitabu vya afya vimeandika mengi kuhusu maji na dripu za Goma, na ni haki, lakini kuhusu wale waliokota, sijasoma hata ukurasa mmoja.

Turudi hapa kwetu. Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, ni ya mpango, kisha ndiyo vifaa. Angalia jinsi kazi zilivyogawanywa. Shirika moja linashughulika na matibabu. Jingine linashughulika na maji na vyoo. La tatu linaangalia kambi kwa jumla, na ofisi ya serikali iko juu yao. Kila moja lina wafanyakazi wakimbizi wake wanaolipwa motisha, na kila moja lina utaratibu wake. Mchimba choo akiumia, shirika la vyoo linasema nenda zahanati. Zahanati inamtibu jeraha na kumwambia kuhusu buti aulize kwa waliomwajiri. Waliomwajiri wanasema buti zimeagizwa. Hakuna mtu mbaya katika mlolongo huo, kila mmoja amefanya sehemu yake, lakini yule kijana kesho anashuka tena shimoni na malapa.

Vipimo vinavyofuatwa na mashirika katika dharura, vile vya Sphere, wengi wetu tumevisikia katika mikutano: maji lita 15 kwa kila mtu kwa siku, bomba moja lisizidi watu 250, choo kimoja kisizidi watu 20. Ni vipimo vizuri na tuvidai. Lakini kila choo kina mtu aliyekichimba na mtu atakayekifunika kikijaa. Shimo la choo huporomoka, hasa wakati wa masika. Shimo la zamani linaweza kuwa na hewa mbaya inayomwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Sheria ya kwamba hakuna anayeshuka peke yake, na kwamba juu abaki mtu mwenye kamba, haihitaji mfadhili. Inahitaji msimamizi mmoja ambaye jina lake linajulikana, na ambaye ataulizwa ikiwa haikufuatwa.

Ndiyo maana naomba mambo mawili matatu, na ninayaomba nikijua hali ya fedha. Tangu mwaka 2025 misaada imepungua katika kambi nyingi, na wote tumeona matokeo yake kwenye mgao na kwenye idadi ya wafanyakazi. Mtu akiniambia kwamba hakuna pesa za kuanzisha idara ya afya ya kazini, ninamwelewa. Lakini kuongeza safu moja katika daftari la mapokezi, yenye neno «kazi», ni gharama ya rula na kalamu. Baada ya miezi mitatu tutajua ni kazi gani inayoumiza watu wetu, na hizo buti chache zilizopo tutazipeleka kwanza wapi. Pesa zikiwa kidogo ndiyo sababu ya kuhesabu vizuri zaidi.

Jambo jingine ni kanuni iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, kwa Kiswahili, kwamba aliyeumia kazini na akatoa taarifa siku hiyo hiyo hapotezi nafasi yake wala motisha ya siku za matibabu. Hili nalitilia mkazo kuliko yote. Dawa za saa 72 hazina faida kwa mtu anayeogopa kusema. Unaweza kujaza kabati, lakini mwenye hofu atapita mbele ya kabati hilo na ufagio wake, kama nilivyopita mimi.

Na chanjo ya homa ya ini ianze na wale wanaoshika taka na nguo zenye damu, pamoja na wakunga na wauguzi, si baada yao. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi. Mkimbizi anayelipwa motisha badala ya mshahara anaweza kuambiwa kwamba yeye si mwajiriwa. Sindano haijui tofauti hiyo.

Sasa upande wetu, maana siandiki ili kuwasema mashirika peke yao. Sindano nyingine zinazowachoma wazoa taka hazitoki zahanati. Zinatoka nyumbani, kwa wale «madaktari» wa mtaani wanaochoma watu sindano usiku na kutupa bomba la sindano katika takataka za kawaida. Tunawajua, na wengine tunawaita wenyewe kwa sababu foleni ya zahanati ni ndefu. Wembe uliotumika nao tunautupa popote. Tafuta kopo gumu lenye kifuniko, weka vitu vyote vyenye ncha humo, na likijaa lipeleke zahanati wakaliteketeze. Mwenye kuzoa taka ana watoto kama wewe.

Wafyatua tofali nao, ambao wengi ni vijana wetu na kazi yao tunaiheshimu. Wanachimba udongo, wanajenga, wanauza, wanaondoka. Shimo linabaki. Mvua ikinyesha linajaa maji, na mbu wa malaria anahitaji kiasi cha wiki moja hadi mbili tu kutoka yai mpaka kuruka. Kijana anayefanya kazi katika tope lile bila viatu anapata vidonda, na nyumba zilizo karibu zinapata homa. Viongozi wa mitaa wanaweza kupanga eneo moja la tofali, mbali kidogo na nyumba, na kila shimo lifukiwe kabla ya jingine kufunguliwa. Katika kambi ile ya zamani jambo hili lilijaribiwa katika mitaa miwili. Mtaa mmoja ulishika, mwingine uliacha baada ya mwezi kwa sababu wazee hawakukubaliana nani atasimamia.

Kuhusu wanaopuliza klorini nina neno moja la haraka. Changanyeni dawa nje, upepo ukiwa mgongoni, kamwe si ndani ya stoo. Barakoa ya kitambaa haizuii hewa ya klorini. Na anayekohoa kila jioni baada ya kazi abadilishwe kazi, asingoje mpaka kifua kibane.

Kamati ya afya ya kambi ina wawakilishi wa mitaa, wa kina mama, wa vijana na wa watu wenye ulemavu. Wafagiaji, wachimbaji na wapulizaji hawana kiti. Katika mkutano ujao nitaomba wapewe viti viwili, kimoja cha mwanamume na kimoja cha mwanamke, maana wafuaji wa nguo za wodi karibu wote ni kina mama. Nitaomba pia ile safu ya daftari. Ikiwa wewe, au mtu wa nyumbani kwako, ameumia akifanya kazi katika kambi hii mwaka huu, hata kama alinyamaza, tafadhali zungumza na mhamasishaji wa mtaa wako kabla ya mkutano huo. Jina lako halitasomwa mbele ya watu. Tutasoma hesabu tu.