Upasuaji haukomei mlangoni pa hospitali

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Niliikumbuka kauli hiyo muhula uliopita, pale mwalimu mwenzangu alipoingia katika chumba cha walimu akiwa amepinda mgongo kama ajuza, mkono mmoja ameuweka tumboni. Siku tisa awali alikuwa ametuaga kwamba anakwenda mashambani kumwuguza mamaye. Kumbe sivyo. Alikwenda hospitalini kufanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo, na hakutaka mtu ajue.

Sikusudii kumkejeli. Mama huyu amejifungua watoto wanne. Mimba huinyosha ngozi ya tumbo na kuitenganisha misuli miwili iliyosimama sambamba katikati yake, na kwa baadhi ya wanawake misuli hiyo hairejei mahali pake hata kwa mazoezi. Katika upasuaji huu, daktari huondoa ngozi na mafuta yaliyozidi sehemu ya chini ya tumbo, akaishona misuli ili ikaribiane, kisha akaivuta ngozi iliyosalia na kuifunga. Wapo wanaoutaka kwa ajili ya urembo pekee, na hiyo ni hiari yao. Hoja yangu yahusu yale yanayomsubiri mgonjwa akishafika kwake.

Mnamo Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo. Mjadala mwingi uliofuata ulihusu leseni za kliniki na ujuzi wa madaktari. Mjadala huo ulifaa, na kila anayekusudia kupasuliwa hana budi kuhakikisha kwamba daktari na kituo vimesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Hata hivyo, tuliuliza machache mno kuhusu nyumbani. Upasuaji wa kukaza tumbo huchukua saa chache tu. Kupona huchukua majuma sita au zaidi, na karibu majuma hayo yote mgonjwa yuko mikononi mwa jamaa zake, si mwa wauguzi.

Hebu tutazame nyumba ya kawaida nchini. Madaktari huonya kwamba mgonjwa asiinue kitu kizito kwa muda wa majuma sita hivi. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzani wa kilo 20. Mtoto wa miaka miwili hukaribia kilo 12. Basi ni nani atakayeteka maji, ambebe mtoto, asonge ugali wa jamaa nzima? Choo chetu nacho aghalabu ni cha kuchuchumaa, ilhali aliyeshonwa tumbo hawezi kuchuchumaa bila maumivu makali. Maswali haya hayana budi kujibiwa kabla ya siku ya upasuaji.

Maandalizi yenyewe si ya ajabu. Kwanza awepo mtu mzima wa kukaa na mgonjwa usiku na mchana kwa siku za mwanzo. Kitanda kiandaliwe kwa mito ya kuinua mgongo na mingine ya kuwekwa chini ya magoti, ili mshono usivutwe. Kipatikane kiti cha chooni. Dawa za maumivu huweza kufunga choo, na kujikamua huutaabisha mshono. Kwa hivyo ziwepo mboga, mapapai, maharagwe na maji ya kutosha. Mgonjwa akiruhusiwa akiwa na mirija ya kutolea majimaji ya kidonda, anayemtunza afundishwe hospitalini namna ya kuimimina na kuandika kiasi kilichotoka. Anayevuta sigara aache majuma kadhaa mapema, kwa kuwa moshi huo hupunguza damu inayofika kidondani. Aidha, nauli ya kurudi kumwona daktari iwekwe kando, tena isiwe nauli ya bodaboda.

Zaidi ya yote, jamaa wazijue dalili za hatari. Mgonjwa hulazimika kupumzika, lakini kulala tu kutwa kucha huweza kuigandisha damu katika mishipa ya miguu. Ndiyo maana huhimizwa kutembea hatua chache tangu mwanzo. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, daktari aonwe siku hiyo hiyo. Akishikwa ghafla na maumivu ya kifua au akikosa pumzi, akimbizwe hospitalini papo hapo, kwani huenda bonge la damu limefika mapafuni. Homa, usaha na wekundu unaotanda kando ya mshono pia si mambo ya kungojea kesho.

Mwenzangu yule mguu wake ulivimba. Alidhani ni kwa sababu ya kusimama ubaoni. Naibu wa mwalimu mkuu ndiye aliyeutazama mguu ule, akamhoji kwa upole hadi akasema kweli, na kumpeleka hospitalini. Bonge la damu likapatikana, akatibiwa, na leo yu hai. Lililonichoma moyo zaidi nililijua baadaye. Kwa siku zote tisa, mwuguzi wake wa pekee alikuwa bintiye wa kidato cha tatu. Msichana yule alikosa masomo, akapika, akamimina mirija, na akaapishwa asimwambie hata shangaziye. Walimu wake waliandika tu kwamba hakuwepo.

Yamkini msomaji atasema kwamba kila mtu ana haki ya siri yake. Naam, anayo. Lakini siri haimaanishi upweke. Si lazima mtu atangaze sokoni. Akiwaambia watu wazima wawili anaowaamini, yatosha. Ni sisi tuliowafunza wenzetu kuficha, kwa vicheko vyetu vya chumba cha walimu kila mwanamke anapozungumzia tumbo lake. Kicheko hicho kingalimuua mwenzetu.

Kuna pia suala la muda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Hicho ni kiwango cha chini, na waajiri wengine hutoa zaidi. Lakini ukizijumlisha, ni majuma mawili dhidi ya sita. Upasuaji usio wa dharura wafaa upangwe likizo ndefu, na mwajiri aelezwe mapema.

Haya hayawahusu waliokaza matumbo peke yao. Aliyejifungua kwa upasuaji, aliyetolewa uvimbe kizazini, aliyetengenezwa ngiri, wote hurudi katika nyumba zizo hizo zenye mitungi na watoto. Walimu wenzangu, twawafundisha wanafunzi kuuchora moyo na kuitaja mishipa yake. Tuwafundishe pia kwamba mguu mmoja uliovimba baada ya upasuaji ni jambo la kumwambia mtu mzima, hata kama mama ameapisha. Mficha uchi hazai, nasi tusiwatwike watoto wetu siri zinazoweza kuwafanya mayatima.