Kijana wa Zombe, kilengeo cha bei poa kinaweza kukuponza

Kama una simu na bando, huenda umeshaviona. Ni vidude vidogo vya kioo vinavyofungwa juu ya bunduki. Ukichungulia ndani unaona nukta nyekundu, na muuzaji anaapa kwamba ukiiweka nukta juu ya windo, hukosi. Bei yake mtandaoni ni kama dola 30 au 40, ilhali kilengeo cha aina hiyo kutoka kampuni yenye jina hugharimu mamia ya dola.

Wewe uliye Zombe, Kitui Mashariki, utauliza: mimi na hayo wapi na wapi? Yanakuhusu. Kiangazi kikikaza, wafugaji wa ngamia huingia kutoka upande wa Tana River na Garissa wakitafuta malisho, na mizozo yao na wakulima imeshaua watu. Kijana aliyechoka kulala jicho moja wazi ni mteja rahisi wa kitu chochote kinachoahidi shabaha. Kwa hivyo hebu tukiangalie kidude chenyewe.

Ndani yake kuna taa ndogo inayomulika kioo, na kioo kinarudisha mwanga kwenye jicho lako. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilileta sokoni kilengeo cha kwanza cha aina hii mwaka 1975, na kilikusudiwa wawindaji. Wazo lenyewe ni zuri. Shida ni kwamba kila kitu kinategemea kioo na taa visisogee hata kidogo, huku bunduki ikipiga teke kila risasi inapotoka.

Hapo ndipo vya bei poa huanza visa. Skrubu zinalegea. Betri inacheza na taa inazima. Jua la saa sita likiwaka, kama lile la Zombe, nukta haionekani kabisa. Vumbi na unyevu vinaingia, kioo kinafanya ukungu. Vingi vyao vinatosha bunduki za hewa au za kuchezea tu, si bunduki ya risasi kubwa.

Lakini kukizima, afadhali, maana unajua kimekufa. Hatari kubwa ni pale nukta inapowaka vizuri lakini imehama, na wewe huna habari. Piga hesabu: ikihama kwa nusu ya digrii tu, umbali wa mita 100 risasi itaangukia karibu sentimita 87 kando ya ulipolenga. Hiyo ni nafasi iliyopo kati ya mbuzi na mtoto anayemchunga.

Na usidhani hii ni shida ya feki peke yake. Novemba 2015, kampuni iliyokuwa ikimiliki EOTech nchini Marekani ilikubali kuilipa serikali dola milioni 25.6. Ilidaiwa kuwauzia wanajeshi na polisi vilengeo ikijua kwamba kwenye baridi kali au joto lenye unyevu alama ya kulenga ilikuwa ikihama. Hao walikuwa na maabara na mainjinia. Sasa cha dola 30 kimepimwa na nani?

Tuje kwa sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuurudisha. Bunduki nayo inahitaji cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kama huna cheti, hicho kilengeo unakifunga wapi? Polisi wakikikuta kwenye mzigo wako watakuuliza swali hilohilo, na jibu la "nilikiona tu mtandaoni" halitakusaidia.

Najua utasema: basi tukae tu tuuawe? Hapana. Hasira yako ina haki, ila usiipeleke dukani. Bunduki halali mashinani hubebwa na polisi, au na polisi wa akiba, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1948 na ambacho kwa miaka mingi kimetegemea watu wa kujitolea bila mshahara. Huko ndiko kwa kukaba. Kwenye baraza la chifu, uliza: hawa waliopewa silaha mara ya mwisho walifunzwa lini? Wana redio ya kuita msaada usiku? Wakijeruhiwa, nani anawalipia hospitali? Mpiga shabaha aliyefunzwa, mwenye bunduki kuukuu isiyo na betri yoyote, ana manufaa kuliko mwenye nukta nyekundu na mkono unaotetemeka.

Na kama tatizo ni ndovu, kama wenzetu wa Kitui Kusini wanaopakana na Tsavo, piga ripoti kwa KWS na udai fidia. Sheria hiyo ya 2013 inataja shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Ndiyo, malipo huchelewa na yanachosha kufuatilia. Lakini ni haki yako, na kuidai hakumuui mtu.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Redio feki ikiharibika, unapoteza hela. Kilengeo feki kikihama, anayelipa ni yule aliyekuwa amesimama sentimita 87 pembeni, na huenda ni wa nyumbani kwenu.