Ribiti Iliyopinda na Wasiwasi wa Fundi



Ndugu msomaji, huko Marekani wako watu wa kawaida wanaojiundia ndege katika banda la gari nyumbani, kisha wakairusha wenyewe. Sheria ya nchi hiyo inawaruhusu, kwa sharti kwamba zaidi ya nusu ya kazi ifanywe kwa nia ya kujielimisha au kujiburudisha. Mwaka 1953 Paul Poberezny aliwakusanya wajenzi hao katika chama huko Wisconsin, na kila mwaka hukutana mjini Oshkosh. Tamaa ya kuruka si ngeni kwa umma wetu: wanahistoria wa Andalusia wanamtaja Abbas ibn Firnas, aliyejaribu katika karne ya 9, akaumia alipotua kwa kuwa hakujiwekea mkia. Ile ilikuwa kasoro kubwa. Nakusudia kuzungumzia zile ndogo.

Nyingi ya ndege hizo huundwa kwa mabati membamba ya alumini yaliyoshikizwa kwa maelfu ya ribiti. Ribiti hugongwa upande mmoja, na upande wa pili huzuiwa kwa kipande cha chuma kizito. Mkono ukiteleza, bati hubaki na alama iliyopinda kama mwezi mwandamo, au kichwa cha ribiti hulala upande. Fundi mgeni akiona hivyo hukosa usingizi. Huchukua keekee aitoe ribiti ile atie nyingine, na hapo ndipo penye hatari. Keekee ikiyumba hupanua tundu, na ribiti ya pili haitashika kama ilivyoshika ya kwanza. Kasoro ya macho imegeuzwa kuwa kasoro ya nguvu, tena kwa mikono ya mtu aliyetaka kutengeneza.

Kipimo kipo, wala hakifuati moyo wa mtu. Kichwa kilichogongwa kitanuke kiasi cha mara moja na nusu ya unene wa ribiti, na kimo chake kiwe kama nusu ya unene huo. Kikiwa ndani ya mipaka inayokubaliwa, kimefaa, hata kama hakipendezi. Lakini ufa hausamehewi, wala mkwaruzo mzito, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Tundu lililotobolewa karibu mno na ukingo wa bati nalo si jambo la kufumbia macho. Anayesema "hakuna atakayeona" juu ya mambo haya amekhini amana, maana roho za watu zitakaa ndani ya chombo kile.

Waumini tunaijua hali hii. Mtu hutawadha vizuri, kisha shaka humrudisha bombani mara ya tatu na ya nne, hata jamaa ikampita. Mafakihi walikwisha kutufundisha kuwa yakini haiondolewi na shaka. Ihsani ni kutimiza kazi kwa kipimo chake; wasiwasi ni kukikataa kipimo baada ya kukitimiza. (Nao wanaoita uvivu wao "kuepuka wasiwasi" wasijifiche nyuma ya maneno yangu.)

Dawa moja wameipata wenzetu wa chama kile: washauri wa kujitolea, wajenzi wazoefu, humtembelea mwenzao na kuitazama kazi yake. Jicho la pili huweza kusema "iache hii," na pia "bati hili livue." Fundi anayejifungia peke yake hukosa yote mawili. Wengi huishia kuuza ndege nusu, mabati yakiwa yamelala bandani miaka mingi, watoto walioahidiwa safari wakiwa wamekwisha kuoa na kuolewa.

Atakayefika mwisho hukaguliwa chombo chake, kisha hukijaribu kwa saa 25 au 40 katika eneo alilopangiwa, bila abiria. Saa hizo zikitimia salama, ndipo mkewe hupanda.