Hisani ya Wanamuziki Iwe na Hesabu

Ni jambo la kawaida hapa Unguja kwa wanamuziki kupiga Ijumaa na Jumamosi katika baa za mahoteli ya pwani (hatuingii hapa katika suala la vinywaji), kisha Jumapili wakaombwa wapige bure bilashi kwa ajili ya yatima au wagonjwa. Hukubali, maana kukataa ni aibu. Lakini mara nyingi mwenye ukumbi hulipwa, na mwenye vipaza sauti hulipwa. Anayetoa sadaka ni mpiga fidla peke yake.

Hatusemi hisani iachwe. Tunataka hesabu ijulikane. Mwezi Agosti 1971, huko New York, George Harrison na Ravi Shankar walifanya maonyesho mawili kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh. Fedha za mlangoni, kiasi cha dola 243,000, zilipelekwa UNICEF. Lakini mamilioni yaliyotokana na santuri na filamu yalizuiliwa miaka mingi na watoza kodi wa Marekani, kwa sababu waandaaji hawakuomba msamaha wa kodi mapema. Nia njema haikutosha kumlisha mkimbizi.

Wakuu wanaotoa vibali hawana budi kuuliza, kabla ya onyesho, fedha zitawekwa wapi, na baadaye kutangaza kilichopatikana. Nauli na nyuzi za wanamuziki ziingizwe katika gharama. Na mahoteli yanayojaza viti kwa nyimbo zetu yawalipe watunzi haki yao kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003, bila ya kungoja kukumbushwa.