Uraia Usomwe Darasa Moja

Mashariki mwa Uganda hakuna uhaba wa mahali pa kujifunzia. Jinja ina tawi la Chuo Kikuu cha Makerere. Huko huko, Kimaka, maofisa wakuu wa jeshi husomea ukamanda na unadhimu, na ng'ambo ya Mto Nile, Njeru, kipo Chuo cha Taifa cha Ulinzi. Mbale, chini ya Mlima Elgon, ina Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofungua milango yake mwaka 1988, pamoja na kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Busitema. Na kambi ya Bugema haiko mbali. Lakini mwanafunzi na askari wa miji hii hukutana wapi? Aghalabu hukutana barabarani, siku ya mgomo, mmoja akiwa na bango na mwingine akiwa na rungu. Hapo si mahali pema pa kuanzia kufahamiana.

Yafaa tukumbuke kwamba Katiba ya mwaka 1995 haikuwatenga watu hawa wawili. Ibara ya 4 yaiagiza Serikali ihakikishe kwamba Katiba inafundishwa katika taasisi zote za elimu na katika vyuo vya mafunzo vya majeshi. Shule na kambi zimetajwa kwa pumzi moja. Ibara ya 208 nayo yataka jeshi liwe la kizalendo, lenye nidhamu, lisilofungamana na chama chochote, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Na Ibara ya 212 yawataka polisi washirikiane na wananchi. Je, konstebo atashirikianaje na mtu ambaye hajapata kuzungumza naye ila kwa amri?

Jinja yajua gharama ya jambo hili kuliko mji wowote wa nchi yetu. Mwezi Januari 1964, siku chache baada ya maasi ya askari wa Tanganyika, askari wa Jinja walidai nyongeza ya mishahara, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Bwana Felix Onama, alipokwenda kuzungumza nao wakamzuia. Serikali ya nchi iliyokuwa huru kwa miezi kumi na mitano tu ikalazimika kuomba askari wa Kiingereza waje kuizingira kambi. Mishahara iliongezwa. Madai ya askari yalikuwa na haki ndani yake, hilo hatulikani. Ila jeshi la kikoloni lilikuwa limewafundisha kulenga shabaha na kupiga saluti, si kujua waziri ni nani wala fedha ya umma hutoka wapi. Askari aliyeonja kwamba kumshika waziri kunaleta nyongeza amejifunza siasa, tena siasa mbaya. Miaka saba baadaye, tarehe 25 Januari 1971, jeshi likaitwaa nchi nzima.

Nchi nyingine zimelifikiria jambo hili kwa njia yao. Marekani, Chuo Kikuu cha Syracuse kilianzisha mwaka 1924 Shule ya Maxwell, yenye kazi ya kuwaandaa vijana kwa uraia na mambo ya umma. Ukutani mwake kimechongwa kiapo cha raia wa Athens ya kale. Wasomi wengi hupita mbele ya maneno yale wasikumbuke kwamba asili yake ni kiapo cha askari: kijana wa Athens alikiapa alipokuwa akikabidhiwa ngao na mkuki. Kwa watu wale, kuwa raia na kuwa mlinzi wa mji kulikuwa jambo moja.

Kwetu, mchakamchaka wa Kyankwanzi uliwapeleka wanafunzi kwa askari. Safari ya pili, ya kumpeleka askari wa kawaida kwa mwalimu wa chuo kikuu, bado ni fupi mno. Kimaka na Njeru huwapokea wakubwa. Anayesimama kizuizini usiku, akiamua peke yake kama raia apite au asipite, ni koplo.

Watakuwapo watakaosema kwamba darasa la namna hiyo litaingiza siasa kambini. Katiba yamkataza askari kufungamana na chama. Haimkatazi kujua bunge hupitishaje bajeti, au mahakama yaweza kumwachia nani huru na kwa sababu gani.

Kwa maoni yetu, vyuo vikuu vya Jinja na Mbale vinaweza kuanza bila kungoja jengo jipya. Makerere ilianza kupeleka masomo nje ya kuta zake tangu mwaka 1953, jioni, kwa watu wenye kazi zao. Koplo, konstebo na mwanafunzi wa sheria wakae benchi moja, jioni mbili kwa juma, na Katiba iwe mezani. Lugha ipo: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na kambini hakijapata kukosa wasemaji. Hapo, kwa mara moja, huenda askari ndiye atakayemsahihisha mwanachuo.